Saa ya Kalamu ni ya Nani?

Liko swali ambalo halisemwi kwa sauti katika mikutano yetu, lakini laulizwa kimya kimya katika nyumba nyingi za mji huu wa Kisangani. Mama kijana amejifungua. Kabla mtoto hajaota jino la kwanza, mama amepata kazi, labda shuleni, labda hospitali, labda katika ofisi moja ya Makiso. Nyumba nzima yafurahi, kwa kuwa kazi ni adimu na mshahara wangojewa na wengi. Lakini mama huyu alikuwa na jambo lingine tangu siku za shule. Alikuwa akiandika: hadithi, mashairi, michezo ya kuigiza. Madaftari yake yamo sandukuni. Sasa watu wamwambia, "Mama, mtoto unaye, kazi unayo. Mambo ya kalamu yaache." Naye hujiuliza usiku: Je, ni haki nijitwalie saa moja ya kuandika, hali mtoto ananihitaji na kazi yaningoja asubuhi? Au saa hiyo nimeiiba?

Wengine watasema hilo ni swali la watu wachache, maana wangapi huandika? Sisi twaona ni swali la watu wengi. Weka mahali pa kalamu gitaa, au cherehani ya mwenye kubuni mitindo, au vitabu vya mtu atakaye kuendelea na masomo. Swali ni lile lile. Mtu ana wajibu gani kwa mtoto aliyemzaa, kwa wale waliomwajiri, na kwa kipaji alichojaliwa? Na vitu hivyo vitatu vikigombania saa moja, nani aamue? Tutajaribu kujibu. Tena tutaonyesha ya kuwa kwa kawaida swali hili huwekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, wakati lawahusu watu wengi.

Madeni matatu

Tuyapime madeni hayo moja moja.

Deni la kwanza ni la mtoto. Mtoto mchanga hawezi kungoja, wala hajui maana ya kesho. Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Katika majuma ya mwanzo hunyonya mara nane hata kumi na mbili mchana na usiku. Tukihesabu nusu saa kwa kila mara, ni saa nne hata sita kila siku, mbali na kumwogesha, kufua nguo zake na kumbembeleza. Kazi hiyo haiandikwi katika daftari la mishahara, wala haina Jumapili.

Deni la pili ni la kazi. Aliyeajiriwa ametoa ahadi, na ahadi ni deni. Mwalimu aingiaye darasani hali hakutayarisha somo amewanyima watoto wa wenzake. Muuguzi asinziaye zamu amemweka hatarini mgonjwa asiyemjua. Tena kazi mpya ni nzito kuliko kazi ya zamani. Mgeni kazini hujifunza majina ya watu, desturi za mahali, na mambo madogo ambayo wenyeji wamekwisha sahau kwamba nao waliyajifunza. Jioni hurudi amechoka mara mbili, kwa kazi aliyoifanya na kwa hofu ya kukosea.

Deni la tatu ni la kalamu. Hapa mtu ataruka aseme, "Hilo si deni! Nani amemkopesha?" Twamwomba mtu huyo akumbuke mfano wa talanta. Yule mtumishi aliyefukia fedha yake ardhini hakuiba, hakuinywea pombe, hakuipoteza. Aliirudisha kamili. Hata hivyo alilaumiwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyepewa kitu cha kuzaa matunda huulizwa habari za matunda. Hatusemi kila mwenye madaftari ni mwandishi mkubwa. Twasema tu kwamba kipaji, kiwe kidogo au kikubwa, si mali ya kuchezea wala ya kufukia.

Basi madeni ni matatu, lakini si ya namna moja. La mtoto haliwezi kungoja hata saa. La kazi laweza kungoja mpaka asubuhi. La kalamu laweza kungoja juma, mwezi, hata mwaka. Kwa hiyo kila siku litaahirishwa, na kila siku kwa sababu njema. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Jambo liwezalo kungoja siku zote hufa bila mtu yeyote kulia, na hata mwenyewe hajui lilikufa siku gani.

Nusu saa na mto

Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tutazame jinsi mambo yalivyo. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yampa mama majuma 14 ya kupumzika kwa uzazi. Yaweka pia kwamba kazi isizidi saa 45 kwa juma, na kwamba mama anyonyeshaye apewe nusu saa mara mbili kila siku ya kumnyonyesha mtoto wake, na muda huo ulipwe kama saa za kazi. Sheria hiyo ni njema, na kila mwajiri yampasa kuijua na kuifuata.

Lakini tumfikirie mama akaaye Lubunga na kufanya kazi Makiso. Kati ya titi na kinywa cha mtoto uko mto Kongo, na mto huo hauna daraja hapa kwetu. Mama atoke ofisini, ashuke bandarini, angoje mtumbwi ujae abiria, avuke, apande hadi kwake; nusu saa yake imekwisha kabla hajamshika mtoto. Sheria imempa nusu saa, lakini mto umeinyang'anya. Ili haki hiyo iwe haki ya kweli, pawepo ndugu au rafiki upande wa Makiso, mwenye lupango karibu na ofisi, akubaliye kukaa na mtoto mchana. Pasipo mtu huyo, neno la sheria labaki karatasini.

Tuendelee mpaka jioni. Hapa karibu na ikweta giza huingia mapema mwaka mzima. Umeme wa kituo cha Tshopo huja na kwenda. Moto wa makaa lazima uwashwe, sombe itwangwe, lituma ipondwe, maji ya kuoga yachemshwe. Mtoto alala, aamka, alala tena. Mama akikaa chini na daftari lake ni saa nne za usiku, taa ni ndogo, na mbu ni wengi. Mtu akimwambia mama huyu, "Panga vizuri saa zako," amemdhihaki. Saa zake zimekwisha pangwa, tena zimepangwa na watu wengine.

Makosa mawili

Katika jambo hili mtu aweza kukosea kwa upande wa kuume na kwa upande wa kushoto.

Kosa la kwanza ni kuifanya kalamu kuwa bwana na mtoto kuwa kizuizi. Mfano wake wajulikana. Katika karne ya 18 Ufaransa ilikuwa na mwandishi maarufu, Jean-Jacques Rousseau. Mwaka 1762 alitoa kitabu kikubwa, Émile, juu ya namna ya kumlea mtoto tangu kuzaliwa. Wasomi wa Ulaya walikisoma, na walimu hukisoma hata leo. Lakini mtu huyu alizaa watoto watano, na wote watano wakapelekwa katika nyumba ya watoto waliotupwa huko Paris. Mwenyewe alikuja kulikiri jambo hilo katika maandishi yake. Hatumtaji ili kumhukumu marehemu, bali kwa sababu maisha yake yaonyesha jambo wazi: mtu aweza kuandika maneno ya busara juu ya watoto wa ulimwengu mzima, huku wake mwenyewe hawajui sauti yake. Kitabu hakilipi deni la namna hiyo. Mwandishi yeyote, mwanamume au mwanamke, aonaye kilio cha mtoto kuwa ni adui wa kazi yake, amekwisha anza kupotea njia.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo kwetu ni la kawaida zaidi, kwa sababu lavaa nguo za wema. Ni kusema kwamba mama mwema ni yule asiyebakiza kitu chochote chake. Kalamu aifukie, sauti aizime, akili aitumie kazini na jikoni tu. Watu humsifu, "Amejitoa kabisa." Lakini mtoto wake akikua, ataletwa kwa mama aliyechoka na kunyamaza, na atafundishwa kwa macho yake kwamba vipaji ni vya kufukia. Binti yake atalishika somo hilo vizuri mno.

Nani ameuandika mji wetu?

Labda mtu atauliza, "Hata hivyo, ulimwengu utapungukiwa nini kama mama mmoja wa Mangobo hakuandika hadithi zake?" Tumjibu kwa habari za mji wetu wenyewe.

Mwaka 1890 baharia mmoja mwenye asili ya Poland, Joseph Conrad, alifika hapa kwa meli ya mto, wakati mahali hapa palipoitwa Stanley Falls. Alikaa siku chache tu. Mwaka 1899 akatoa hadithi yake iliyojulikana ulimwengu mzima, Heart of Darkness. Baadaye, mwaka 1979, V. S. Naipaul, mzaliwa wa Trinidad, alitoa kitabu A Bend in the River. Mji wa kitabu hicho hautajwi jina, lakini wasomaji waliutambua kuwa ni Kisangani. Mpaka leo wanafunzi wa nchi za mbali hujifunza habari za mji wetu katika vitabu hivyo viwili.

Hatumkatazi mgeni kuandika. Mgeni huona mambo ambayo mwenyeji hayaoni tena. Lakini mgeni apitaye aliona mto, msitu, na hofu yake mwenyewe. Hakuona jinsi mama wa Kabondo amwogeshavyo mtoto alfajiri. Hakusikia wimbo wa kumbembelezea mtoto, nusu Kiswahili nusu Kilingala. Hakujua maneno wanayosema Wagenya nyumbani baada ya kutoka kwenye nyavu zao. Mambo hayo yajulikana na wale wakaao humo ndani, na miongoni mwao mama mwenye mtoto mgongoni ndiye ayajuaye zaidi. Yeye asipoyaandika, yataandikwa na mwingine asiyeyajua, au hayataandikwa kamwe.

Tena iko kumbukumbu iliyo nzito kuliko hiyo. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, na raia wengi wakafa au wakakatika viungo. Mwaka 2020 Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, alitoa filamu juu ya wale walioumizwa siku zile, walioshuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Katika filamu hiyo twawaona pia wakiigiza mchezo wa kuwasimulia watu yaliyowapata. Watu waliopoteza miguu na mikono, wasio na fedha, hawakungoja wapate nafasi nzuri ndipo waseme. Walijua kwamba jambo lisilosemwa husahauliwa, na walioumizwa wakisahauliwa huumizwa mara ya pili.

Waliotutangulia

Mtu asidhani kwamba kalamu, mtoto na kazi havijapata kukaa katika nyumba moja. Twawataja wachache.

Mwana Kupona wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wake kama mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili kumwusia binti yake. Wajuzi wa Kiswahili wausoma mpaka leo. Kila mtu aweza kuwa na mawazo yake juu ya mausia yale, kwa kuwa zama zimebadilika. Lakini jambo moja halina ubishi. Mtoto hakumzuia kutunga. Mtoto ndiye aliyekuwa sababu ya kutunga.

Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na karibu maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika ofisi za serikali. Vitabu vyake aliviandika nje ya saa za ofisi. Naye alitunga tenzi za kuwausia wanawe. Mtu huyu ambaye wengi humwita mkuu wa waandishi wa Kiswahili hakuwa na miaka ya kukaa bure akingoja maneno.

Grace Ogot wa Kenya alisomea uuguzi Uganda na Uingereza, akafanya kazi hospitali, akatangaza redioni London, akalea watoto wanne. Mwaka 1966 alitoa kitabu chake The Promised Land, na mwaka 1968 hadithi fupi zake. Baadhi ya hadithi zake zatokea katika hospitali, miongoni mwa wauguzi na wagonjwa. Hapa pana funzo kwa mama mwenye kazi mpya: kazi yake si ukuta kati yake na kalamu. Kazi ni shamba. Yale ayaonayo mchana, mgonjwa, mwanafunzi, mkubwa wa ofisi, mama anayelilia cheti cha mtoto, ndiyo mbegu za maneno yake.

Wa mwisho ni Buchi Emecheta wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1944. Alimfuata mumewe London, na kabla hajatimiza miaka 23 alikuwa na watoto watano. Alifanya kazi ya maktaba, akaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Alipoandika kitabu chake cha kwanza, mumewe alikichoma moto. Aliachana naye, akawalea watoto wake mwenyewe, akasoma chuo kikuu, akakiandika upya kitabu kile kilichoteketea; kikatoka mwaka 1976 kwa jina The Bride Price. Kitabu chake kingine, cha mwaka 1974, alikitabaruku kwa watoto wake watano.

Twaomba msomaji atulie kidogo juu ya habari hii ya mwisho. Watoto watano hawakumshinda mama yule. Kazi haikumshinda. Umaskini wa ugenini haukumshinda. Kilichokaribia kumshinda ni mtu mzima aliyekaa naye nyumba moja, aliyeona kwamba saa ile ya kuandika haikuwa haki yake.

Saa hupewa

Sasa twafika kwenye shina la neno letu. Watu humwuliza mama, "Utaacha nini?" Swali la haki ni kuwauliza walio karibu naye, "Ninyi mtampa nini?" Mwenye mtoto mchanga hawezi kuipata saa kwa kuitafuta, kwa kuwa hakuna mahali ilipofichwa. Ataipata akipewa. Kila dakika yeye asiyomshika mtoto, lazima mtu mwingine awe amemshika.

Wazee wetu walilijua jambo hilo. Mwanamke akijifungua, mama yake au shangazi alikuja kukaa naye. Alipika, alichota maji, alimkanda kwa maji ya moto, alimbeba mtoto ili mzazi alale. Hakuna aliyesema kwamba mzazi ni mvivu. Ilijulikana kwamba kulea ni kazi ya mikono mingi. Siku hizi ndugu wako mbali, nauli ni ghali, na nyumba za mjini ni ndogo. Lakini ukweli ule haujabadilika.

Wengine watasema, "Sisi watu wa chini hatuna saa za kupoteza kwa mambo ya kuandika." Tuchunguze kama ndivyo. Mama mwenye mtoto akienda mazoezi ya kwaya jioni mbili kwa juma, hakuna amwulizaye. Akienda kwenye likelemba kuweka fedha na wenzake, husifiwa. Akikesha kwenye matanga ya jirani, ni heshima yake. Baba naye akikaa kutazama mpira mpaka usiku, huambiwa amepumzika baada ya kazi. Basi saa zipo, na twajua kuzitoa kwa mambo tuyathaminiyo. Kinachokosekana ni kuiona kalamu kuwa ni mojawapo ya mambo hayo. Mama aimbaye katika kwaya na mama aandikaye shairi wote wawili watoa sauti waliyopewa. Tofauti ni kwamba mmoja husikiwa Jumapili, na mwingine hatujui ni lini atasikiwa.

Kwa akina baba twasema wazi. Sheria ya kazi yampa mwanamume siku mbili tu mkewe anapojifungua. Siku mbili hazitoshi, lakini hazikatazi jioni za mwaka mzima. Zamani, kwa sheria ya jamaa ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya mumewe katika mambo mengi ya kisheria. Tarehe 15 Julai 2016 sheria hiyo ilibadilishwa, na sasa yataka mume na mke wapatane. Yafaa mapatano hayo yafike mpaka jikoni na kitandani pa mtoto. Baba ambaye jioni moja au mbili kwa juma ambeba mtoto, amwogesha, amtembeza uani, hakumpa mkewe zawadi. Amelipa sehemu yake ya deni, kwa kuwa mtoto ni wa wawili. Na kama baba ndiye mwenye kalamu, ajiulize saa yake yalipwa na nani, maana naye amepewa, ila hakuombwa ashukuru.

Kwa mama mkwe na mawifi twasema kwa heshima: msimhukumu mke wa mwana wenu kwa kuwa ameshika daftari. Mshikieni mtoto. Nyanya mwenye hadithi nyingi aweza hata kumpa mwandishi kitu cha kuandika.

Kwa wenye kuajiri twasema: zile nusu saa mbili ni za sheria, si za hisani. Mahali penye akina mama wengi, chumba kidogo safi cha kumnyonyeshea mtoto hakigharimu sana.

Tena twaongeza onyo moja ambalo halisemwi mara nyingi. Saa ya mama isinunuliwe kwa utoto wa mtoto mwingine. Katika nyumba nyingi za mji, mtoto mchanga huachiwa msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye ilimpasa kuwa shuleni. Saa iliyotolewa na mume, nyanya au rafiki ni halali. Saa iliyokamuliwa kwa binti wa miaka kumi asiyejua kusoma si halali, hata ikizaa kitabu kizuri. Ingekuwa ajabu kubwa mtu aandike hadithi za kuwatetea wanyonge, na mnyonge mmoja amekaa jikoni mwake.

Neno kwa mama mwenyewe

Kwako wewe, mama mwenye madaftari sandukuni, tuna maneno machache.

Kwanza, shika utaratibu wa madeni. Mtoto akiwa na homa, funga daftari bila kusikitika. Usiku huo kalamu haikudai kitu. Yako majuma, hata miezi, ambayo hutaandika hata mstari mmoja, na hilo si kushindwa. Shamba nalo hupumzishwa.

Pili, usingoje siku kubwa. Mwenye kungoja mwezi mzima wa utulivu ataungoja mpaka watoto waoe. Omba kidogo kilicho hakika: jioni moja kwa juma, au nusu saa kabla jua halijatoka. Kurasa mbili kwa juma ni zaidi ya kurasa mia kwa mwaka. Na mtoto akinyonya, mkono mmoja u huru. Neno moja zuri laweza kuwekwa hata katika simu lisipotee.

Tatu, sema. Wengi wa akina mama hungoja watu wa nyumbani wawatambue, kisha hukasirika kimya kimya. Mwambie mumeo, "Jumatano jioni nataka saa moja ya kuandika, wewe utakaa na mtoto." Usiiombe kama mtu aombaye msamaha. Nawe umlipe kwa saa yake.

Nne, usimwone mtoto kuwa mnyang'anyi. Amekuondolea usingizi, ni kweli. Lakini amekufundisha kutazama uso mmoja kwa makini kuliko ulivyopata kutazama kitu chochote, na mwandishi asiyejua kutazama hana la kuandika.

Wasomaji wapenzi, tulianza kwa kuuliza kama saa ile ni wizi. Jibu letu ni hili. Saa iliyochukuliwa kwa mtoto aliaye na asiye na wa kumshika, ni wizi. Saa iliyochukuliwa kwa kazi uliyoapa kuifanya, ni wizi. Saa iliyokamuliwa kwa mnyonge, ni wizi mbaya zaidi. Lakini saa iliyotolewa kwa mapatano na watu wa nyumba moja, wakijua kwamba kila mmoja wao ana kitu cha kuzalisha, hiyo ni haki. Na ikinyimwa bila sababu, huku wengine wakizitumia saa zao wapendavyo, basi wizi upo, lakini mwizi si mama. Kila mmoja wetu na atazame lupango lake jioni ya leo: nani amemshika mtoto, na tangu saa ngapi?